Inalia Kama Simu ya Stesheni

Mwaka 1973 kiwanda cha kuchambua pamba cha Malampaka kilinunua magitaa mawili ya umeme kwa ajili ya bendi yake, moja la Kimarekani na moja la Kijapani. Aliyepata la Kimarekani angepiga solo, na aliyepata la Kijapani angepiga ridhimu. Vidole vya mtu havikuhusika katika mgawanyo huo. Kilichohusika ni nani aliwahi kufika ofisini asubuhi sanduku lilipofunguliwa. Mashimba alikuwa anakaa nyuma ya kiwanda. Baba yangu, Limbu, alikuwa anatoka ng'ambo ya reli, na asubuhi hiyo treni ya mizigo ilisimama njiani kwa dakika arobaini.

Bendi ilivunjika mwaka 1983, na kila mmoja akaenda nyumbani na gitaa lake. Mzee Mashimba hakuacha kulisema gitaa la baba. Iwe kwenye harusi, kwenye foleni ya kupima pamba au nje ya kanisa, alikuwa na sentensi moja: "La Limbu linalia kama simu ya stesheni." Baba naye alikuwa na jibu moja: "Ningekuwa na lako, ungekuwa unaniomba mimi nafasi." Nimelisikia jibu hilo mara nyingi kuliko sala ya chakula.

Nilikua nikiamini kwamba ni utani wa wazee. Nimefundisha fizikia katika sekondari moja ya Bariadi kwa miaka kumi na tisa, na bado ilinichukua muda kuelewa kwamba baba hakuwa anatania. Alikuwa na umri wa miaka sabini na tatu. Hakuwahi hata siku moja kupiga solo mbele ya watu, na alitaka kuipiga mara moja kabla vidole havijakauka. Hakutaka kingine.

Nafasi ilikuja kupitia Nancy. Nancy ana miaka thelathini na mbili, anaongoza bendi mjini Bariadi na anapiga besi. Waandaaji wa Nane Nane ya Nyakabindi walimwomba atafute wanamuziki wa zamani wa mkoa wapande jukwaani na vijana wake kwa nusu saa. Alipofika Malampaka akawakuta wawili walio hai, wote wapiga gitaa, na jukwaa lilihitaji mpiga solo mmoja.

Alipoliona gitaa la Kijapani alikaa chini. Alituambia kwamba vijana wa Mwanza na Dar wanayatafuta magitaa ya aina hiyo kama watu wanaotafuta ng'ombe aliyepotea. Sauti nene iliyopendwa enzi za wazee imewachosha. Wanataka sauti nyembamba, safi, inayokata. Nilimuuliza kama mbao zimebadilika tangu mwaka 1973. Alisema hapana. Nikamuuliza nini kimebadilika. Alifikiri kidogo, akasema, "Masikio, Mwalimu." Lilikuwa jibu la mtu makini, nikaanza kumpenda.

Nancy hakutaka kuchagua kati ya wazee wawili. Mzee Mashimba ndiye aliyeleta njia. Ukoo wake ni wa Bagalu na wetu ni wa Bagika, na vyama hivyo viwili vya ngoma vimeshindana tangu enzi za mababu kwa kanuni moja: pande mbili zinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, hakuna jaji. Watu wanakwenda wanakovutwa. Kipenga kinapolia, upande wenye watu wengi umeshinda. Ngoma hizo huchezwa baada ya mavuno, pamba ikiwa imeshauzwa na miguu haina kazi. Ilikuwa Julai. Tukakubaliana Jumapili, baada ya ibada, uwanja wa mpira wa karibu na stesheni.

Njia hiyo haikunifurahisha, lakini sikuona kosa ndani yake. Kuhesabu ni kuhesabu. Niliweka sharti moja tu, kwamba kila kitu kiwe sawa isipokuwa magitaa na wapigaji. Nancy alitoa amplifaya mbili za aina moja. Nilizipima zote kwa sauti ile ile, nikaweka alama za rangi kwenye vitufe ili mtu asiviguse. Kisha, kwa kuwa magitaa yenyewe yalikuwa na umri wa nusu karne na sikutaka mzee apigwe shoti mbele ya umati, Jumamosi niliyachukua yote mawili hadi maabara ya shule kukagua nyaya zake.

Ndani ya gitaa la umeme, chini ya nyuzi, kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Hiyo ndiyo koili. Uzi ukitikisika, koili inazalisha umeme kidogo, na huo ndio unaokwenda kwenye spika. Mbao, rangi na jina lililoandikwa kichwani vinachangia, lakini koili ndiyo koo.

Nilianza na la Mzee Mashimba. Shingo ilikuwa imepinda milimita mbili, jambo ambalo hajawahi kulikiri. Nilipoinua kifuniko cha chuma kilichoandikwa jina la kampuni ya Kimarekani, chini yake nilikuta koili yenye maandishi ya Kijapani.

Niliacha bisibisi nikanawa mikono. Kisha nikafungua la baba. Chini ya kifuniko cha Kijapani kulikuwa na sumaku za Kimarekani, na waya uliozizunguka haukuwa wa kiwandani. Ulikuwa na unene wa moja ya kumi ya milimita, mnene mno kwa kazi hiyo, na ulikuwa umezungushwa kwa mkono. Nilipima ukinzani wake: kilo-omu tatu nukta moja. Koili nyingine ilisoma saba. Namba ndogo kama hiyo maana yake ni sauti nyembamba, safi, yenye ukali wa kengele. Pembeni, kwenye tundu la nyaya, kulikuwa na kadi iliyokunjwa.

Nilijua ni kadi ya nani kabla ya kuikunjua. Kiwandani Malampaka kila mota ilikuwa na kadi ndani ya kifuniko chake, na fundi umeme alitakiwa kuandika alichokifanya, tarehe na jina. Fundi Bundala aliishika kanuni hiyo hadi kwenye redio ya mama yangu. Kwa hiyo na gitaa alilitendea kama mota. Mwandiko wa penseli ulikuwa bado unasomeka:

"14/6/1978. Koili ya Mashimba imeungua. Ufunguzi wa msimu ni kesho. Mashimba hatakubali koili iliyosukwa upya, nimempa ya Limbu. Ya Mashimba nimeisuka kwa waya wa simu mbovu ya stesheni, niliyopewa na Mkuu wa Stesheni, nimempa Limbu. Vifuniko nimerudisha kama vilivyokuwa. Waambiwe msimu ukiisha. Bundala."

Bundala alihamishiwa Shinyanga mwezi Agosti, msimu ukiwa katikati. Alifia huko. Hakuna aliyeambiwa.

Usiku ule niliufikiria mkutano wa kesho kama ninavyofikiria jaribio la wanafunzi. Baba alikuwa anaingia uwanjani akiamini jambo moja, Mzee Mashimba akiamini kinyume chake, na wote wawili walikuwa wamekosea. Ningeweza kufunga vifuniko na kunyamaza. Lakini jaribio ambalo mpimaji anajua na wapimwa hawajui si jaribio, ni mchezo wa kuigiza. Asubuhi nilikwenda Malampaka na kadi ndani ya daftari.

"Mwangaluka, baba," nilimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Gitaa limepona?"

Mayu ni mama, na ndivyo anavyoniita mimi binti yake. Nilimwambia asubiri. Nilimwomba mama, Esteria, amwite Mzee Mashimba, na alipofika na kusalimiana na kukaa, niliweka kadi mezani.

Baba aliisoma, akaomba miwani nyingine, akaisoma tena. Akampa Mashimba. Mashimba aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma tangazo la mnada. Alipofika kwenye jina la Bundala akairudisha kadi mezani.

Baba ndiye aliyeanza. "Mayu, ile solo ya kwenye redio. Ile ya mwaka sabini na tisa ambayo huyu amekula nayo ubwabwa wa watu mpaka leo. Ilipigwa kwa koili ya nani?"

"Yako, baba."

"Rudia, huyu hasikii vizuri."

"Koili yako. Vidole vya Mzee Mashimba."

Baba alicheka hadi akashika meza. Mama alitoka jikoni kuangalia kama amepaliwa. Baba alisema kwamba basi kwa miaka mitano yeye ndiye alikuwa mpiga solo, na hakualikwa kwenye pilau hata moja. Mzee Mashimba alimwacha acheke mpaka mwisho. Kisha akageukia kwangu.

"Mwalimu, mimi nilisema gitaa la huyu linalia kama nini?"

"Kama simu ya stesheni."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijazaliwa."

"Na waya wake ni wa nini?"

"Wa simu ya stesheni."

"Wabeja," alishukuru kwa Kisukuma, akaegemea kiti. "Endeleeni kucheka."

Ilinibidi nikubali. Sikio lake lilikuwa limesoma waya huo kwa usahihi kwa zaidi ya miaka arobaini bila kifaa chochote. Alichokosea ni kudhani kwamba huo ni ubaya.

Wakati wanaendelea kutupiana maneno, Mashimba akidai kwamba Limbu alimwazima mdomo tu na maneno yalikuwa yake, niliona baba ameacha kucheka. Nilielewa kabla hajasema. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na sababu iliyomkinga, kwamba hakupiga solo kwa kuwa hakuwa na gitaa. Sasa magitaa yalikuwa yamejiondoa kwenye kesi. Vilibaki vidole.

Alinifuata nje nilipokwenda kupakia amplifaya kwenye gari la Nancy.

"Vidole unapimaje wewe, mayu?"

"Sina chombo cha kuvipima, baba."

"Basi ulitakiwa ununue kwanza chombo, ndiyo ulete kadi," alisema, na akaenda kuvaa shati jeupe.

Saa tisa alasiri uwanja ulikuwa na watu wa kutosha. Walitoka kanisa Katoliki na makanisa mengine, wengine walitoka machungani na fimbo zao. Kila mzee alikuwa na amplifaya yake, hatua hamsini kati yao, jenereta katikati. Mimi nilipanda kwenye trela la trekta na daftari, nikagawa uwanja kwa mstari wa kati. Nancy alishika kipenga. Mchezo ulikuwa wa dakika ishirini.

Mzee Mashimba alianza kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Alipiga ile ya redioni. Watu wa umri wangu walikuwa wanaijua kabla hawajazaliwa, na walikwenda kwake wakicheza, mabega mbele. Baba alianza na ridhimu. Ilikuwa ridhimu nzuri, sawasawa kama saa ya ukutani, na hakuna mtu anayevuka uwanja kwenda kusikiliza saa ya ukutani. Dakika ya tano nilihesabu: kwa Mashimba watu mia moja sitini na wanane, kwa baba arobaini na mmoja. Kati ya hao, kumi na wanne walikuwa wa ukoo wetu na hawakuwa na uhuru wa kuondoka. Shangazi Nyanjige, dada yake baba, alikuwa anacheza peke yake kwa hasira.

Dakika ya saba baba alisimamisha mikono. Kisha akafanya jambo ambalo kiongozi wa ngoma, Mgika au Mgalu, hafanyi: aliwapa watu mgongo. Alisogea hadi kwenye amplifaya na kusimama akiitazama kwa karibu, kama mtu anayezungumza na ukuta. Upande wa pili walicheka. Mtu alipaza sauti kwamba Limbu anatafuta mlango.

Mimi nilijua anatafuta nini. Baada ya bendi kuvunjika nyumbani hatukuwa na amplifaya, na kwa muda mrefu hatukuwa na umeme. Baba alikuwa anaingia kwenye ghala la pamba jioni, anakaa akitazama ukuta, na anapiga gitaa la umeme lisilo na umeme. Kutoka chumba cha watoto lilisikika kama mdudu ndani ya kiberiti. Nilikuwa nalala nalo. Sikuwahi kujua kwamba ulikuwa wimbo mmoja anaoutengeneza, kwa sababu nusu ya sauti zake hazikuwa zinafika kitandani kwangu.

Sasa zilifika. Alipiga kwa nyuzi mbili za chini kwanza, taratibu, halafu akapanda, na koili ya Bundala ikafanya kile ambacho namba yake ilisema itafanya. Sauti ilitoka nyembamba na safi, ikapita juu ya jenereta, juu ya watu, juu ya solo ya redioni, bila kuongezwa. Vitufe vilikuwa kwenye alama zangu, niliviangalia.

Wa kwanza kuvuka walikuwa wanawake watatu wazee waliokuwa wamesimama katikati kwa Mashimba. Hawakukimbia. Waligeuka kama ng'ombe wanavyogeuka wakisikia maji, wakaja. Nyuma yao wakaja vijana wa Nancy na simu zao mikononi, kisha wachungaji wa ng'ombe, kisha kundi zima la kwaya bado wamevaa sare. Nilikuwa nahesabu wanaovuka mstari. Nilifika tisini na tatu nikapoteza hesabu. Katika miaka kumi na tisa ya kuhesabu karatasi za mitihani haijanitokea. Nilianza upya, nikapoteza tena, nikaweka kalamu mfukoni.

Mzee Mashimba aliendelea kupiga. Lakini nilisikia kilichokuwa kinabadilika mkononi mwake. Noti za solo zilipungua moja moja, zikabaki mapigo. Alikuwa anapiga ridhimu, na alikuwa anaipiga chini ya wimbo wa baba, kutoka hatua hamsini. Kutoka umbali huo ilikuwa inachelewa kidogo, na mtu mwenye sikio kama lile hawezi kuvumilia jambo hilo. Dakika ya kumi na sita alichomoa waya, akaukunja begani, akatembea katikati ya uwanja na gitaa lake jekundu kifuani. Watu wachache waliobaki walimfuata. Umati ulimpisha. Akainama mbele ya amplifaya ya baba, akatafuta tundu la pili, akachomeka.

Baba bado alikuwa amewapa watu mgongo. Aliposikia ridhimu imeingia karibu na sikio lake aligeuka kuona ni nani, na hivyo ndivyo alivyowatazama watu kwa mara ya kwanza, wote, wakiwa wake.

Nancy alipuliza kipenga na hakuna aliyesimama. Alipuliza tena. Ilichukua dakika sita zaidi mpaka wazee wenyewe walipochoka.

Kisha kukawa na swali la matokeo, na Bagalu wakaanza kusema kwamba haiwezekani kuhesabu, kwamba mtu wao alikuwa upande ule pia, kwamba umati ulimfuata yeye. Waliniita niseme. Nilisema ukweli, kwamba sina namba. Mzee Mashimba alikuwa anafuta jasho kwa leso.

"Kanuni inasema watu wanakwenda wanakovutwa," alisema. "Mimi ni mtu au si mtu?"

Walisema ni mtu.

"Nimevuka. Nihesabuni."

Shangazi Nyanjige alipiga vigelegele hadi mbwa wa stesheni wakajibu. Baba alikuwa anafungua na kufunga vidole vya mkono wa kushoto, akivitazama.

Baadaye tu, tukiwa tunakula, alimwambia Mashimba kwamba ridhimu yake inakimbia kidogo ikifika kwenye kiitikio, na kwamba kabla ya Nyakabindi itabidi wafanye mazoezi. Mashimba akamjibu kwamba amekuwa mpiga solo kwa saa mbili na tayari ana kiburi cha miaka kumi. Wakaendelea hivyo.

Tarehe nane Agosti, Nyakabindi, baba alipiga solo kwa dakika thelathini na nne. Sikuhesabu watu. Alianza akiwatazama.

Aliposhuka jukwaani Nancy aliniita pembeni. Wapiga gitaa wanne walikuwa wameshamuuliza ile ni sauti gani. Nilimpa maelezo kamili: mbao za Kijapani, sumaku za Kimarekani, waya wa moja ya kumi ya milimita, kilo-omu tatu nukta moja. Nikamwambia kwamba waya wa unene huo unauzwa mpya Mwanza, kwa kilo, na kwamba mtu mwenye subira anaweza kusuka koili kama ile kwa siku mbili.

Aliandika yote. Kisha akauliza kama stesheni ya Malampaka bado wana simu nyingine mbovu.

Nilimweleza kwamba kwa hesabu haina tofauti, waya ni waya. Alisema ameelewa, Mwalimu, lakini yeye anataka wa simu. Ikabidi nimwambie lililobaki, kwamba Jumatatu iliyopita Mzee Mashimba alikuwa amemtangulia. Alikwenda stesheni amevaa koti, akaomba kuonana na Mkuu wa Stesheni, na walipomuuliza shida yake akasema amekuja kuulizia simu.